Chumvi ya Mama Mkwe

Kila mkiniita nisimame niseme nilivyopona, kabla sijafika popote kuna mama mmoja kule nyuma anaanza vigelegele. Leo naomba vigelegele vingoje. Nikishangiliwa mapema nasahau nilikuwa nimekasirikia nini, na hasira ile bado ina kazi. Mimi ni Skolastika, mke wa Dezideri. Niliugua, nikakaribia kufa, sasa niko hai. Mungu nimemshukuru na nitamshukuru tena mwisho. Hapa katikati niacheni kwanza niwaseme watu.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilifukia nyasi kwenye matuta tangu asubuhi mpaka jua linainama, jioni nikasaga ulezi, na bado nikawa na mdomo wa kucheka. Operesheni ya vijiji ilipotuhamisha kutoka kwenye vitongoji vyetu vya karibu, tuliwekwa kando ya ziwa dogo, nyumba zimepangwa mstari, upepo wa Ufipa unatupiga bila kizuizi. Maji ya kunywa tuliteka kwenye chemchemi juu ya kijiji. Ziwa lilikuwa la ng'ombe, la kufulia, na la matete. Binti yetu mmoja, Oresta, alikuwa kwa kaka yangu Kristofa, mwashi, kule Izia, Sumbawanga mjini, akisoma. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Dezideri na mama yake, Bibi Veneranda.

Wale mliozaliwa juzi hamtanielewa nikisema chumvi iliadimika. Duka la kijiji lilikuwa na mlango, kufuli na muuzaji. Bidhaa ndizo hazikuwamo. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, chumvi hakuna. Unaweza kuishi bila sabuni, ukanuka. Lakini maharage bila chumvi, wiki baada ya wiki, ni adhabu ambayo hata hakimu angeona huruma kuitoa.

Basi mama mkwe akakumbuka mambo ya bibi zake. Alituchukua wanawake mpaka ziwani, akatuonyesha matete yapi ya kukata na magugu gani ya maji ya kuchanganya. Tukayaanika juu ya mawe, tukayachoma, tukakusanya majivu. Majivu yanatiwa kwenye chungu chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi. Unamwagia maji, maji yanachuruzika taratibu kwenye chungu cha pili. Hayo unayachemsha mpaka yakauke, na chini inabaki chumvi. Ni ya kijivu, ina uchungu kidogo, lakini ni chumvi.

Sasa sikilizeni hapa. Chumvi ya namna hiyo haina mizani isipokuwa ulimi. Maji yanapoanza kuchuruzika, unaonja: yakiwa mepesi unayarudisha juu ya majivu. Yakichemka, unaonja. Yakianza kushika ukingoni mwa chungu, unaonja tena, ujue kama utoe moto. Mama mkwe alikuwa mtu wa ugoro tangu usichana wake, na ugoro ulikuwa umeuua ulimi wake. Kwa hiyo kazi ya kuonja akanipa mimi. Ilikuwa heshima. Wanawake waliniletea vijiko vyao kutoka kila chungu, "Onja hapa, mama Oresta," nami naonja, nafumba macho, natoa hukumu. Mradi wetu ulisifiwa. Bwana mkubwa mmoja alikuja kutoka wilayani akasema huku ndiko kujitegemea, na mwenyekiti wetu Fridolini akapigwa picha amesimama mbele ya vyungu ambavyo hajawahi hata kuvichochea.

Matete mazuri zaidi yalikuwa pale kijito kinapoingia ziwani. Yalikuwa manene, tena karibu na njia. Na juu ya kijito hicho kulikuwa na karakana ya malori ya kusomba mazao. Fundi wake alikuwa mtu wa Tukuyu, Ambakisye, mcheshi, mwimbaji wa kwaya. Vipuri navyo vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo akawa anavunja betri zilizokufa, anatoa risasi, yale madini mazito ya ndani, anayayeyusha kwenye karai na kuyamimina kwenye mchanga yawe vizito vya nyavu. Wavuvi wa bonde la Rukwa walikuja kuvifuata, hata wa Ziwa Tanganyika. Maji makali ya betri na takataka zake aliyamwaga korongoni, na mvua ikayapeleka kijitoni. Hakuna aliyeshtuka. Babu zetu sisi Wafipa walifua chuma kwenye matanuru marefu kuliko nyumba. Kwetu mtu anayeyeyusha madini ni mtu wa kuheshimiwa, moshi wake hauogopwi. Wazee walikwenda kukaa pale kutwa nzima wakimtazama na kumkosoa.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Niliamka na ladha ya chuma, kama nimelala na msumari juu ya ulimi. Nilisugua meno kwa mkaa, haikutoka. Halafu choo kikafunga. Mnisamehe, lakini nikiliruka hili nitakuwa nimewadanganya. Kilifunga mpaka nikasahau njia ya chooni, na kilipofunguka zikatoka punje ndogo nyeusi kama za mbuzi, na machozi juu. Ndipo tumbo likaanza. Lilijisokota kuzunguka kitovu, linaachia kidogo, linasokota tena. Nilipiga magoti nikalala juu ya gunia la maharage nikilikandamiza tumboni, maana kukandamiza ndiko kulikonipa nafuu.

Nilikwenda zahanati. Mganga wetu hakuinua macho.

"Malaria," akasema.

"Sina homa."

"Itakuja."

Akanipa klorokwini. Homa haikuja, ila masikio yakavuma. Nikarudi. Akasema minyoo, akanipa dawa ya minyoo. Nikarudi tena.

"Sasa hayo ni mawazo," akasema.

"Mawazo ya nini?"

"Unayajua mwenyewe."

Nilikuwa na wazo moja tu wakati ule, nalo lilikuwa kumrushia kiti chake.

Nikawa mweupe midomo, nakonda, kichwa kinagonga. Na nikawa mkali. Dezideri akichelewa kujibu nampigia kelele. Kuku akipita nampiga teke. Kila mtu kijijini akawa na la kusema. Wapo waliosema nimelewa sifa za mradi. Wapo waliosema ni uvivu, maana mgonjwa wa kweli hulala, hagombi. Baadaye daktari aliniambia ugonjwa wenyewe humfanya mtu awe na hasira. Nikamwambia, daktari, na watu wale hata mzima angekuwa nazo.

Nilikuwa na mimba changa, nayo ikatoka. Mama mkwe alinikalia usiku na mchana. Alinikanda kiuno kwa maji ya moto, alinifunga, alifanya yote ambayo mama angefanya. Akanipikia maharage laini, akatia chumvi ya kutosha, tena akaongeza. "Kula, mwanangu. Damu imepotea, chumvi itakurudishia nguvu." Nikala yote nikalamba bakuli. Sina namna ya kuwaeleza jinsi ninavyoumia nikikumbuka bakuli lile, kwa sababu lilikuwa limejaa upendo.

Muda si mrefu, asubuhi moja, nikanyoosha mkono wa kulia kuchukua mwiko. Mkono ulifika, kiganja hakikufika. Kilining'inia. Nilikiambia kiinuke, kikakataa. Baada ya siku chache wa kushoto nao ukalegea. Kushika naweza, kuinua siwezi. Mama mkwe akawa ananilisha kwa mkono wake.

Hapo ndipo watu wakapata walichokuwa wanakitafuta. Sumbawanga yetu inasifika nchi nzima kwa uchawi, na naona wengine wetu wanaona aibu kuugua ugonjwa wa kawaida, kana kwamba wataiangusha sifa ya mkoa. Mwenyekiti Fridolini alikuja kunitazama. Alivaa shati lake la mikutano. Akaviangalia viganja vyangu, akatikisa kichwa.

"Hii imetengenezwa," akamwambia mume wangu. "Mikono haifi hivihivi."

Dezideri alinipeleka mjini kwa kaka Kristofa. Hospitali walinilaza kidogo, wakasema huenda ni vidonda vya tumbo, wakanipa dawa nyeupe ya kunywa, wakanirudisha Izia nikapumzike. Pale Izia nikaanza kupata nafuu. Tumbo likatulia, choo kikafunguka, nikacheka na Oresta. Nilidhani ni ile dawa nyeupe. Kaka alikuwa na rafiki kule Kasesya, mpakani, aliyempatia chumvi ya Zambia kwa njia ambazo sikuziuliza, na mimi nilikula chumvi hiyo nyeupe bila kuiwazia lolote. Nilipopata nguvu ya kutembea nikarudi nyumbani kwa furaha.

Haukupita mwezi nikawa juu ya gunia la maharage.

Sasa nani angemzuia Fridolini? Alirudi, safari hii na wazee wawili.

"Mama Oresta, Izia ulipona?"

"Nilipata nafuu."

"Hapa umeugua tena?"

"Unaniona."

"Na hapa anayekupikia nani?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni ameshika bakuli langu. Alisikia kila neno. Aliingia, akakaa, akanilisha kama kawaida, lakini hakunitazama usoni.

Nilimwambia Dezideri anitoe pale kabla watu hawajamfanyia mama yake jambo. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini ukimwomba aamue neno ni kama kumwomba ng'ombe apande ngazi. Ni kaka Kristofa aliyekuja na lori la rafiki yake na kutupeleka Mbeya, barabara yote nimelala juu ya magunia ya ngano, kila shimo linapita tumboni mwangu.

Mbeya walinilaza, na baada ya siku chache akaja daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliniambia ninyooshe mikono. Viganja vikaanguka. Akaniambia nifungue mdomo. Akaukunjua mdomo wangu wa chini kwa kidole, akaita wenzake waje waone.

"Unafanya kazi na betri?"

"Hapana."

"Rangi? Mgodi?"

"Mimi mkulima. Na natengeneza chumvi."

"Chumvi ya wapi?"

Nikamweleza matete, majivu, chungu cha matundu. Nikamweleza ulimi. Nilipofika kwenye ulimi aliacha kuandika.

"Mlikata wapi matete hayo? Kuna nini karibu?"

Nikamtajia kijito, nikamtajia karakana na Ambakisye na karai lake. Yule mama alivua miwani akajisugua macho.

"Na hapa wodini umekuwa ukila nini?"

"Chakula chenu, daktari. Hakina ladha."

"Chakula chetu peke yake?"

Nikamwonyesha kwa kidevu pindo la kanga yangu. Mama mkwe alikuwa amenifungia kifundo cha chumvi, kwa kujua hospitali wanapika chapwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akinisaidia kuinyunyiza. Daktari alikifungua kile kifundo, akasema neno moja la Kinyakyusa ambalo sikulielewa, ila mgonjwa wa kitanda cha pili alifunika uso.

Akanieleza taratibu. Risasi ya betri ilikuwa imezama kwenye matope ya mdomo wa kijito. Matete yananyonya maji ya matope yale, na risasi inapanda humo humo. Ukiyachoma, maji yanaondoka, majani yanaondoka, risasi haiondoki. Inabaki kwenye majivu. Nasi tulikuwa tunayachuja majivu, tunaichemsha ile sumu mpaka ikolee, halafu tunamwita Skolastika aonje. Akaniletea kioo kidogo. Pale jino linapoingia kwenye ufizi palikuwa na mstari wa buluu iliyoiva, karibu na weusi, kama mtu amepitisha kalamu ya wino.

"Ukiuona mstari huu kwa mtu mwingine," akasema, "amekula ulichokula wewe."

Dawa ya kuitoa risasi kwenye damu ikaagizwa Dar es Salaam, na kuingoja kwenyewe kulikuwa ugonjwa mwingine. Ilipofika nilitundikiwa dripu. Nilikojoa sumu yangu siku hadi siku, na wauguzi wakiupima mkojo huo kama maziwa ya kuuza. Tumbo lilitulia kwanza. Kichwa kikafuata. Mikono ilikawia. Daktari alipeleka kifundo changu cha chumvi kwa wakemia wa serikali, lakini akaniambia nisingoje majibu. "Rudi ukawaambie. Na usiionje tena hata kwa ncha ya ulimi."

Alisema kwa urahisi. Yeye hakuwa na mama mkwe anayesubiri kuhukumiwa.

Maana hebu fikirini. Narudi nyumbani, mama mkwe amenipikia, majirani wamejaa mlangoni kunipokea. Nikila, naanza kufa upya. Nikikataa, nimesema mbele ya kijiji kizima kwamba ni kweli, mama huyu ananiua. Kwetu mtu hakatai chumvi ya mwenye nyumba kwa sababu ndogo.

Alileta bakuli. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nimekuja. Lakini sitakula chumvi hii, na wewe naomba usile."

"Chumvi yangu?"

"Si yako, mama. Ni ya ziwa. Ziwa limeingiwa na sumu ya betri."

"Mimi nimelelewa na chumvi ya ziwa lile. Mama yangu alilelewa nayo. Wewe umekwenda Mbeya umerudi na maneno ya kunifukuza." Akaliweka bakuli chini, akafunga kanga yake kichwani vizuri, akatoka. Wale wa mlangoni wakampisha, wengine wakarudi nyuma asiwaguse. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika hata kwa ng'ombe.

Kesho yake Fridolini akapiga kengele ya mkutano. Ajenda ilikuwa mbolea, lakini hakuna aliyekuja kusikiliza mbolea. Bibi Veneranda aliwekwa mbele, peke yake, kwenye kigoda. Mwenyekiti akaongea kwa kuzunguka, kama wanavyoongea watu wakitaka jambo baya lionekane limejisema lenyewe. Akasema kijiji kinahitaji amani. Akasema labda bibi akapumzike kwa ndugu zake, mbali. Mzee wa miaka ile, baridi ile ya mwezi wa sita, ndugu wote wamekwisha kufa. Dezideri alikuwa anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

Nikasimama. Sikuomba nafasi.

"Mwenyekiti," nikasema, "mchawi anayejilisha uchawi wake mwenyewe mlimwona wapi?"

"Kaa chini, mama Oresta. Wewe ni mgonjwa."

"Mimi ni mgonjwa ndiyo, na ninaijua rangi yake." Nikakunjua mdomo wangu kwa mgongo wa mkono, maana vidole bado vilikuwa havijapata nguvu. Mstari ulikuwa umefifia lakini upo. Nikawazungukia wauone. Halafu nikapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, nakuomba. Fungua mdomo."

Alinitazama. Nadhani aliona kwamba siogopi kumkaribia. Akatema ugoro wake pembeni, akafungua. Meno yalikuwa yamebaki machache, lakini yaliyobaki kila moja lilikuwa limesimama kwenye mstari wa buluu.

Watu wakaanza kusogea. Nikamwita mama wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akiniletea kijiko. Naye anao. Wa nyumba ya tatu, naye. Ambakisye alikuwa nyuma na kofia yake ya karakana. Alikuja mwenyewe, bila utani safari hii, akafungua mdomo, na fizi zake zilikuwa nyeusi kuliko zetu sote. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Nilidhani ni uzee unaniwahi," akasema.

"Na wewe, Mwenyekiti," nikasema.

"Mkutano huu una ajenda," akajibu Fridolini.

Ndipo mke wake akasimama, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote mkutanoni. "Fungua, baba. Kila alfajiri unaniamsha unalia tumbo, unaniambia nisimwambie mtu. Fungua watu waone."

Alifungua. Sitawaeleza rangi. Mkutano ukacheka mpaka wengine wakashika matumbo, na matumbo yenyewe yalikuwa yanauma.

Hapa mama wa kule nyuma anataka kupiga vigelegele. Bado. Mnadhani watu walielewa wakaacha? Wapo waliosema basi kijiji kizima kimerogwa. Wapo waliouliza, "Sasa chumvi tutapata wapi?" Wengine waliendelea kuitumia kwa kificho, wakifunika vyungu nikipita. Akaletwa bwana afya kutoka wilayani kuja kuchunguza. Nilimweleza yote, tangu betri mpaka ufizi. Akachovya kidole kwenye chungu cha chumvi, akaramba, akasema, "Mbona ni nzuri tu?" Nilimwacha pale pale nikaenda kulala.

Majibu ya wakemia yalikuja mvua zikiwa zimekuja na kuondoka, zikaja tena. Yalisema aliyoyasema daktari siku ya kwanza. Karakana ilikuwa imeshafungwa, na msidhani ni kwa ajili yetu. Malori yalikosa matairi. Ambakisye alirudi kwao Tukuyu. Nimesikia alifariki kabla ya kuzeeka, na namwombea, maana yeye pia hakuna aliyemwambia mapema.

Mikono yangu ilirudi polepole. Mama mkwe aliniwekea mwiko mbele kila asubuhi. "Inua." Nainua, unaanguka. "Inua." Kwanza vidole, halafu kiganja. Wa kulia umepona kabisa. Wa kushoto huchoka mapema, na siku za baridi hunikumbusha. Baadaye Mungu alitupa mtoto mwingine, mzima, na huyo ndiye aliyenileta hapa leo kwa gari lake.

Sasa niwaambie ninachotaka mwondoke nacho. Mgonjwa akipona akiwa mbali na kuugua akirudi, msikimbilie kuuliza nani anampikia. Ulizeni anapikiwa nini. Betri iliyokufa msiivunje uani, msiimwage kwenye maji, hata kama fundi ni mtu mzuri na anaimba kwaya. Na matete ya mdomo wa kijito chetu bado yapo, manene, ya kijani, mazuri kuliko yote ziwani. Yaacheni. Tena mkiambiwa ni mawazo, na nyinyi mnajua si mawazo, nendeni kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Kasirikeni. Mimi hasira ndiyo iliyonifikisha Mbeya, hasira na lori la kaka yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari mfupi. Namshukuru kaka Kristofa. Namshukuru mke wa mwenyekiti.

Na mama mkwe wangu. Tangu siku ya mkutano ule hakutengeneza chumvi tena, na chungu cha matundu alikivunja mwenyewe kwa jiwe, nje, watu wakiona. Chumvi ya dukani iliporudi, nyeupe, kwenye pakiti, wote tulifurahi isipokuwa yeye. Kila siku, mpaka alipotutoka, kabla bakuli halijanifikia alichota kijiko cha kwanza kwa mkono wake, akakitia kwenye ulimi ule uliokufa kwa ugoro, usioweza kutofautisha chumvi na majivu. Anaonja. Anatuzuia wote kwa kiganja, tumekaa na njaa yetu, chakula kinapoa. Dezideri akilalamika humwambia, "Subiri wewe." Anangoja, anasikiliza tumbo lake. Ndipo ananisogezea bakuli na kusema, "Kula, mwanangu. Ingekuwa na kitu, ningekuwa nimetangulia mimi."